Mhusika Aitwe Nani? Historia Fupi ya Majina katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha nilikuwa na mazoea ya kuchora jedwali ubaoni: safu ya kwanza jina la mhusika, ya pili maana ya jina, ya tatu sifa. Wanafunzi walilinakili na kulikariri. Nilishtuka siku niliposahihisha jibu la mtahiniwa mmoja aliyedai kwamba Mtemi Nasaba Bora, katika Kidagaa Kimemwozea, ni mtu mwema wa ukoo mwema kwa sababu jina lake linasema hivyo. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amejibu sawasawa na jedwali langu.

Makala haya ni jaribio la kulisahihisha jedwali hilo. Yanaonyesha kwamba waandishi wa Kiswahili hawajawapa wahusika majina kwa njia moja tangu mwanzo, na kwamba asiyeyajua mabadiliko hayo huishia kutafsiri majina badala ya kuyahakiki.

Majina yanayohukumu

Tuanze na Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951), waziri anayeshtaki anaitwa Majivuno naye mshtakiwa ni Karama. Katika Adili na Nduguze (1952), ndugu wawili wanaomdhulumu Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hasubiri matendo ili ajue amwamini nani. Jina limekwisha kutoa hukumu. Mtindo huu haukuwa wa Waswahili peke yao. Huko Uingereza, mnamo 1678, John Bunyan alimwita shujaa wa hadithi yake Christian, yaani Mkristo.

Sisi wa Muthara hatupaswi kuuona mtindo huu kuwa mgeni. Katika Kimeru, Kirimi ni mkulima hodari, Murithi ni mchungaji, Mutethia ni msaidizi na Makena ni mwenye furaha. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: mtoto hupewa jina kabla hajajulikana atakuwa mtu wa namna gani, ilhali mwandishi humpa mhusika jina huku akiujua mwisho wake.

Hata hivyo, hata kwa Shaaban Robert jedwali halitoshi. Wajumbe sita wa Kusadikika ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wote wana majina ya heri, na wote walirudi nyumbani wakatiwa gerezani. Hapa majina hayawaelezi wajumbe tu. Yanaishtaki nchi inayowafunga watu wa aina hiyo.

Majina yanayopingana na mwenyewe

Baadaye waandishi walianza kulitenga jina na tabia. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), alimpa msichana wa Ukerewe jina linalotokana na sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, kisha akamwonyesha akianguka. Jina halitwambii Rosa alivyo. Linatuonyesha umbali uliopo kati ya matarajio ya waliomlea na maisha aliyoyapata. Hicho ni kinaya.

Said A. Mohamed alicheza na majina kwa njia nyingine katika tamthilia ya Amezidi (1995). Wahusika wake wakuu ni Ame na Zidi. Ukimchukua mmoja peke yake hupati maana kamili. Ukiwaunganisha unapata anwani ya kitabu pamoja na shtaka la ulafi.

Tukirudi kwa Ken Walibora na Kidagaa Kimemwozea (2012), tunaona sasa mahali mtahiniwa wangu alipojikwaa. Nasaba Bora ni jina la kinaya: mwenyewe ni mnyang'anyi wa ardhi na mzinzi. Mfano wenye uzito zaidi ni mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa Amani. Mtoto huyo anaitwa Uhuru. Baba yake ni Mtemi huyo huyo, naye mtoto anafariki kwa kutelekezwa na waliopaswa kumtibu. Maana ya neno "uhuru" kila mtu anaijua. Swali la kumuuliza mwanafunzi ni hili: nani amemzaa Uhuru, nani amemtupa, na nani amemwacha afe?

Majina yasiyo na kabila

Mwandishi wa Kenya ana tatizo la ziada. Nchini mwetu jina hutaja kwao mtu kabla hajafungua kinywa. Ukimpa kiongozi dhalimu jina la jamii fulani, msomaji ataacha kuuliza amefanya nini na ataanza kuuliza ni wa wapi.

Kithaka wa Mberia, jirani yetu wa Tharaka, alilikwepa tatizo hili katika Kifo Kisimani (2001). Nchi yake ni Butangi, mtawala ni Bokono, mpigania haki ni Mwelusi na ndugu anayemuua ni Gege. Si rahisi kwa msomaji kuwafunga watu hawa kwenye wilaya yoyote anayoijua, kwa hiyo analazimika kuwapima kwa matendo yao.

Assumpta Matei aliandika Chozi la Heri (2014) baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Daktari wake, anayepoteza nyumba na jamaa kwa moto, anaitwa Ridhaa, jina tulilokutana nalo katika Kusadikika. Wahusika wengine, kama Mwangeka na Apondi, wana majina yanayosikika kwetu. Lakini utotoni Ridhaa alitengwa shuleni kwa lakabu: "mfuata mvua". Jina alilopewa na wazazi halikumdhuru; alilopachikwa na wenzake ndilo lililomtenga. Mhakiki asichanganye majina haya mawili.

Hitimisho

Muhula mmoja mwanafunzi aliniuliza kama mhusika wa insha ya Kiswahili anaruhusiwa kuitwa Kirimi. Nilitazama madaftari ya darasa zima: Juma, Asha, Juma, Asha. Walikuwa wakiamini kwamba Kiswahili hakiwezi kumbeba mtu wa kwao. Nilimjibu kwamba anaruhusiwa, mradi ajue kwa nini amemchagua. Aliandika juu ya Kirimi aliyeuza shamba lote la babake. Alikuwa ameuelewa mjadala huu mzima bila jedwali.

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mkikutana na jina jiulizeni mambo matatu: lina maana gani, nani amelitoa, na matendo yanalithibitisha au yanalikanusha? Anayejibu la kwanza tu amefungua kamusi. Anayejibu yote matatu amehakiki.