Nundu ya Mzee Shomari (Sehemu ya 4)

ILIPOISHIA: Mganga alikuwa ameshainua wembe aipasue nundu iliyoota kando ya kitovu cha Mzee Shomari, mara Rukia akaingia na sare yake ya uuguzi. SASA ENDELEA...

"Shusha huo wembe!"

Rukia akapiga magoti, akaibonyeza nundu. Laini, kubwa kama limau, haina joto wala usaha.

"Shikamoo, babu. Inauma?"

"Marahaba. Haiumi kabisa. Ndiyo maana insulini najichoma hapo hapo, mwaka wa tatu huu."

Rukia akaguna. "Basi si jipu hili, wala si husuda ya mtu. Ni mafuta. Insulini haishushi sukari tu, babu. Huiamuru seli ya mafuta ivute sukari na mafuta yanayopita kwenye damu, iyaweke akiba. Papo hapo huzuia vimeng'enya vinavyoyavunja. Amri hiyo wewe umeitoa mahali pamoja kila siku. Seli zimetii."

Shangazi akacheka. Mganga akafunga mkoba wake, akatema mate kizingitini, akaenda zake.

Jioni babu akajichoma pajani, uniti zake 30 za siku zote. Akala kidogo, akalala.

Saa saba usiku shangazi akapiga ukelele. Babu amelowa jasho chapachapa, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Kipimo kikasoma 2.1, na chini ya 4 tayari ni hatari.

Jasho lile lilikuwa la adrenalini. Mwili umeshtuka, unazisihi seli za mafuta zifungue akiba, huku insulini tele ikizikataza. Na hata zingefungua, ubongo haujui kula mafuta. Unataka glukosi.

Ndipo Rukia alipong'amua. Nunduni dawa ilinyonywa kwa kubahatisha, ndiyo maana dozi ikawa inapandishwa kila kliniki. Pajani imeingia yote. Kubadili mahali alimwambia babu; kupunguza dozi hakumwambia.

"Shangazi, sukari! Bado anaweza kumeza!"

"Sukari ipi? Tangu aambiwe anaumwa kisukari, sijaingiza humu hata kijiko!"

Umeme umekatika, maduka yamefungwa. Nyumba moja tu ilikuwa na taa ya chemli, na mwenyewe hakosi asali ya kuchanganyia dawa. Rukia akakimbia peku, akagonga.

Mganga akatokeza, chupa mkononi.

"Asali ipo," akasema taratibu. "Ile nundu nipasue, au nikalale?"

Kule nyuma, kilio cha shangazi kikakatika ghafla.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO