Vivuli vya Lodwar na Kakuma: Mahali pa Kustarehe Palivyotunzwa, na Fedha Zilikotoka



Jambo tulilochagua kuliandikia historia mwaka huu huenda likaonekana dogo kando ya mambo ya maji, shule na hospitali. Ni habari ya mahali pa kustarehe: bustani, viwanja vya michezo, na vivuli ambavyo watu huketi chini yake kazi inapokwisha. Walakini mtu aliyevuka mji wa Lodwar saa nane ya mchana katika mwezi wa Februari hahitaji kuambiwa kwamba kivuli katika nchi yetu si pambo. Mvua ya mwaka mzima, kwa kawaida, ni yapata milimita 200 tu, na joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu kila mwezi. Mti mmoja mkubwa hapa ni jumba la mikutano, ni mahakama, ni mahali pa mgonjwa kupumzika na pa watoto kucheza. Kwa hiyo swali la nani atautunza mti huo, na kwa fedha zipi, ni swali la zamani sana kwetu, nalo limejibiwa kwa njia mbalimbali kwa nyakati mbalimbali.

Twaanza na wazee, maana wao ndio waliokuwa na utaratibu kabla ya ofisi yoyote kujengwa. Kandokando ya mto Turkwel na mto Kerio, kila jamaa ilikuwa na sehemu yake ya msitu iliyoitwa ekwar. Haikuwa shamba, wala haikuwa milki ya kuuzwa. Ilikuwa ni haki ya kutumia miti wakati wa kiangazi, hasa mgunga tuuitao ewoi, ambao maganda yake huliwa na mbuzi majani yanapokwisha. Haki hiyo ilipatikana kwa kukaa na kutunza, ikarithiwa na wana, na mtu aliyeiacha ekwar yake miaka mingi bila kuiangalia aliweza kuona mwingine ameingia. Mgeni aliomba ruhusa, naye kwa kawaida hakunyimwa kivuli. Lakini aliyekata mti mbichi bila ruhusa aliitwa mbele ya wazee, na huenda akatozwa mbuzi. Katika manyatta mbali na mto palikuwa na mti wa wanaume, ambapo kila mzee aliketi juu ya ekicholong yake, na vijana wakaja kusikiliza. Ngoma ya edonga ilichezwa penye uwanja uliokanyagwa ukawa mgumu. Hapakuwa na bajeti, lakini gharama ilikuwapo: ni ule ulinzi wa kila siku, na ile mbuzi ya faini. Tunaomba wasomaji waikumbuke mbuzi hiyo, maana tutairudia.

Serikali ya kikoloni ilipoingia haikuja na nia ya kutengeneza bustani. Mwaka 1926 sehemu hii ilitolewa katika Uganda ikawekwa chini ya Kenya, na Lodwar ikawa makao ya Bwana DC. Wilaya ilifungwa: mtu wa nje hakuingia bila kibali, na mwenyeji naye alitoka kwa shida. Mji ulikuwa ni boma, maduka machache na nyumba za askari. Katika mji wa Nairobi, kwa kulinganisha, Manispaa iliuza pombe ya Kiafrika katika vilabu vyake yenyewe, na faida iliyopatikana ikatumiwa kwa mambo ya ustawi wa Waafrika. Jambo lililowaudhi watu wengi wa dini, nasi hatuwalaumu, ila lilikuwa na sifa moja, kwamba fedha zilijulikana zinakotoka. Nairobi pia ilikuwa na bustani aliyoitoa mfanya biashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Lodwar haikuwa na Jeevanjee wala haikuwa na vilabu vya namna ile.

Sifa iliyoupata mji wetu zama hizo ni sifa ya kifungo. Mzee Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar kutoka Lokitaung mwezi wa Aprili 1959, akakaa hapa chini ya amri ya kutotoka mpaka alipohamishiwa Maralal katika Aprili 1961. Wajumbe wa KANU na KADU walikuja pamoja kumwona mwezi wa Machi mwaka ule. Nyumba aliyokaa ingalipo, na ni miongoni mwa mahali pachache katika mji ambapo mgeni hupelekwa kutembezwa. Ni ajabu kidogo ya historia kwamba mahali alipozuiwa mtu kutembea pamekuwa mahali pa watu kutembelea.

Baada ya Uhuru Baraza la Wilaya lilipewa madaraka ya mambo mengi, lakini mkoba wake ulikuwa mwepesi. Kisha ikapitishwa sheria ya mwaka 1969, iliyoanza kazi Januari 1970, ikayaondolea mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara pamoja na sehemu kubwa ya mapato. Mabaraza yaliyokuwa na mashamba ya kahawa au chai yalibaki na ushuru wa mazao; baraza la nchi ya mifugo lilibaki na ushuru wa mnada na leseni za maduka. Hatushangai kwamba katika miaka hiyo uwanja wa mji ulikuwa ni ardhi iliyoachwa wazi tu, si ardhi iliyotengenezwa. Moi Gardens ya Lodwar, ambako mikutano ya hadhara na sikukuu za Taifa zimekuwa zikifanyika, ni ukumbusho wa desturi ile: mahali pa watu wote, bila mtu mmoja wa kuulizwa habari zake.

Sasa twafika penye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Ukame ulioanza mwaka 1979, ambao watu wetu wanaukumbuka kwa jina la Lopiar, uliua mifugo kwa wingi na kuwaleta watu kwenye makambi ya chakula. Fedha zikaja kutoka Ulaya, na kazi zikaanzishwa ambazo malipo yake yalikuwa chakula. Serikali ya Norwei, iliyokuwa imekwisha kuingia katika uvuvi wa Ziwa tangu miaka ya 1970, na iliyosaidia kujenga barabara ya kutoka Kitale, ililipia pia kazi ya misitu. Vitalu vya miche vikafunguliwa, magari ya maji yakapatikana, walinzi wa miche wakaajiriwa. Mti uliopendwa sana na wataalamu ulikuwa ni ule wa kigeni uitwao mathenge, ambao sisi twauita etirae, kwa kuwa haukufa kwa jua wala haukuliwa ovyo na mbuzi. Kwa muda mfupi mji ulipata kivuli.

Tusiwe wasahaulifu wa fadhili. Wengine miongoni mwa wataalamu wale waligundua, kabla hawajaondoka, kwamba msitu wa mtoni ulikuwa na wenyewe, na kwamba ekwar ilikuwa ikitunza miti mingi zaidi kuliko vitalu vyote, bila senti moja ya mfadhili. Lakini ugunduzi ule ulichelewa. Mwezi wa Oktoba 1990 Serikali ya Kenya ilivunja uhusiano na Norwei kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere. Jambo lile lilikuwa la Nairobi na Oslo, halikuhusu miche ya Lodwar hata kidogo. Walakini wafadhili walifunga kazi zao wakaenda. Magari yakasimama, mishahara ya walinzi ikakoma. Miche iliyohitaji maji ikafa. Mathenge, usiohitaji mtu, ukaishi. Ukashuka mtoni ukaziba njia za mifugo na kuingia ndani ya ekwar za watu. Mwaka 2008 Serikali iliutangaza rasmi kuwa ni gugu baya. Wenzetu wa Baringo walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko yao mahakamani juu ya mti huo huo, wakaja na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Katika muda ule ule bwawa la Turkwel lilikamilishwa juu ya mto, mwaka 1991, na mafuriko yaliyokuwa yakilisha msitu yakabadilika.

Basi hiyo ndiyo hesabu ya mara ya kwanza: bustani iliyosimama juu ya mkoba wa mtu wa mbali, na mkoba ukafungwa kwa ugomvi usiotuhusu.

Kakuma ina hesabu yake. Kabla ya mwaka 1992 ilikuwa kituo kidogo kando ya lugga ya Tarach, njiani kwenda Lokichoggio. Mwaka ule waliingia vijana wa Sudani waliotembea kwa miguu mamia ya maili, na baada yao mataifa mengine, mpaka leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu wengi kuliko Lodwar, ambayo katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 82,970. Michezo kambini iliwekwa chini ya mashirika, hasa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu. Viwanja ni vumbi tupu, vimezungushiwa mawe au havikuzungushiwa kitu, lakini vimetoa watu. Mwaka 2015 taasisi ya mwanariadha Tegla Loroupe ilifanya mashindano ya kuchagua wakimbiaji kambini. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, timu ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo 10, na 5 kati yao walikuwa wakimbiaji wa Kakuma. Bendera ya timu ilichukuliwa na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen. Awer Mabil, aliyezaliwa kambini mwaka 1995, alikuwa katika kikosi cha Australia cha Kombe la Dunia la mwaka 2022. Mpango wa Kalobeyei ulipochorwa, tofauti na kambi ya kwanza, ulichorwa kama mji, na nafasi wazi za watu wote zikaachwa.

Wenyeji wa Kakuma wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba mipira, jezi na mabomba ya maji huhesabiwa kwa mkimbizi kwanza. Kwa maoni yetu malalamiko hayo yana haki ndani yake, ingawa vijana wenyewe, Waturkana na wageni, wamekwisha kucheza pamoja kuliko wakubwa wao walivyokaa pamoja. Lakini mwaka 2025 misaada ya nchi za ng'ambo ilipunguzwa sana, na posho ya chakula kambini ikapungua pamoja nayo. Ikiwa chakula kimepunguzwa, nani atauliza juu ya uwanja wa mpira? Mwaka huo huo, tarehe 28 Machi, Serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ambao nia yake ni kuzigeuza kambi ziwe miji chini ya utawala wa kawaida. Maana yake ni kwamba viwanja vile vitahitaji mwenyewe, naye hatakuwa shirika.

Katika sheria mwenyewe anajulikana. Katiba ya mwaka 2010, katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, imeziweka bustani, fukwe na mahali pa burudani mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Miji ya mwaka 2011 imetoa nafasi ya kuwa na bodi ya manispaa, meneja wake, na mabaraza ya wakaaji ya kuhoji. Lodwar imekwisha kuwa manispaa. Serikali ya Kaunti nayo imekuwa ikifanya sikukuu ya Tobong'u Lore, na kwa siku zile mji hujaa watu, ngoma na biashara. Twaipenda. Hata hivyo sikukuu ni ya siku chache, na mti hunywa maji mwaka mzima.

Hapa twaomba ruhusa ya kufanya hesabu kidogo, maana wazee hupenda hesabu kuliko maneno. Tuseme imepandwa miche 100 katika bustani ya mji, na kila mche unapewa debe moja la lita 20 mara mbili kwa juma. Hizo ni lita 4,000 kwa juma, yaani lita 208,000 kwa mwaka, na kazi hiyo haipungui miaka miwili au mitatu kabla mizizi haijatosha. Ongeza ua wa kuzuia mbuzi, na mlinzi wa kuulinda ua, maana mbuzi wa Lodwar hajapata kushindwa na ua peke yake. Gharama hizi si kubwa zikilinganishwa na za lango, viti vya saruji na jiwe la ufunguzi. Tofauti ni kwamba lango hulipiwa mara moja na kupigwa picha, na debe la maji hulipiwa kila juma bila mtu kupiga picha. Bodi ya manispaa haina mfuko mkubwa wa peke yake. Hutegemea yale ambayo Bunge la Kaunti limeyapitisha. Lisiloandikwa katika makadirio halipo.

Ardhi nayo. Uhuru Park ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1969, ilikaribia kujengwa jumba la orofa 60 mwaka 1989, na Jeevanjee karibu igeuzwe mahali pa kuweka magari mwaka 1991. Zote mbili ziliokolewa kwa sababu watu walijitokeza, Profesa Wangari Maathai mbele yao katika ile ya kwanza. Kule hati na mipaka vilijulikana. Kwetu sehemu kubwa ya ardhi bado ni ya jumuiya na haijaandikishwa, na uwanja ulio wazi Jumatatu huweza kuonekana una vigingi vya kiwanja cha mtu Ijumaa.

Kamati imeonelea, na mkutano wa wanachama utaamua, kwamba tupeleke maombi mawili. La kwanza ni kwamba kila bustani au kiwanja kitakachopokelewa na manispaa, kiwe kimetolewa na mfadhili au na Kaunti, kiandikiwe mipaka yake na fedha zake za maji na ulinzi kwa miaka mitatu ya mbele, kabla ya siku ya ufunguzi. La pili ni kwamba wazee wa jamaa zenye ekwar karibu na mji watambuliwe kuwa walinzi wa miti ile, na faini ya mkata miti irudi kununulia maji ya miche badala ya kupotea katika mfuko mkuu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya fedha kabla ya tarehe 30 Aprili. Wanachama wa Kakuma wanaombwa kuleta majina ya viwanja vyao, pamoja na majina ya wazee wa mahali, kabla ya mwisho wa Julai.