Mashine ya kurusha mipira mazoezini: yafaa nini, na isifanye nini

Katika vikundi vya WhatsApp vya makocha wa soka ya vijana huku Pwani, kuna aina moja ya video isiyoisha kusambazwa. Kipa amesimama langoni, na mbele yake mashine ndogo yenye magurudumu mawili inamtemea mpira baada ya mpira. Swali linalofuata ni lile lile: jamani, tuchange tununue? Mimi huwanoa makipa wa umri wa miaka 10 hadi 15, na mashine ya namna hiyo tumewahi kuazimwa kwa wiki kadhaa. Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Sharti moja silegezi hata kidogo, nalo linahusu vichwa vya watoto.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Magurudumu mawili ya raba huzungushwa na mota, kila moja kwa mwelekeo wake, na nafasi iliyo kati yake ni nyembamba kuliko mpira. Kocha akiusukuma mpira pale, magurudumu huubana na kuufyatua. Yakiwa na kasi sawa, mpira hutoka bila kujizungusha sana. Moja likizidi jingine, mpira hujizungusha na kupinda hewani, mithili ya kona inayopigwa kwa mguu wa kushoto kutoka upande wa kulia ikielekea langoni. Mdomo wa mashine ukiinuliwa unapata krosi, ukiinamishwa unapata pasi ya chini. Na kwa kuwa mpira unabanwa, upepo ulio ndani yake una maana kubwa: mpira uliopwaya hutoka mlegevu, uliojaa hutoka kama risasi. Makocha wanaolalamika kwamba mashine haina shabaha, mara nyingi wanaitia mipira ya kila aina.

Matajiri wana ya kwao. Mjerumani Christian Güttler alibuni Footbonaut, chumba cha mraba chenye upana wa mita 14, na Borussia Dortmund ni miongoni mwa klabu zilizojijengea. Kuta zake nne zina vidirisha 72: vinane hutema mipira, 64 huipokea. Mlio humwambia mchezaji mpira unatokea wapi, taa humwonyesha dirisha la kuupeleka. Sisi hatujengi hicho, lakini tukumbuke wazo lake: mchezaji hapokei tu, lazima pia aamue mpira uende wapi.

Faida kubwa ya mashine ni marudio. Kocha anayepiga krosi 60 kwa mguu wake atachoka, na nyingine zitaishia nje ya ua huku kipa amesimama akingoja. Mashine hupeleka mpira pale pale kila mara. Kipa anayejifunza kuuwahi mpira wa juu ukiwa bado kileleni anahitaji mpira ule ule mara 15, si mipira 15 tofauti. Hata hivyo, kwangu mimi faida tamu zaidi ni kwamba macho ya kocha yanakuwa huru. Msaidizi akitia mipira, mimi nasimama nyuma ya lango na kutazama miguu ya kijana: je, hatua ya kwanza ni ya mbele au anarudi kinyumenyume? Ukiwa wewe ndiye mpigaji, hilo hulioni.

Sasa upungufu wake. Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira wenye kasi ya kilomita 80 kwa saa hufika langoni kwa nusu sekunde hivi. Kipa akingoja auone ukiruka ndipo aanze kufikiri, amechelewa. Kwa hivyo kipa mzuri husoma mwili wa mpigaji: mguu wa kuegemea umeelekea wapi, nyonga imefunguka au imefunga. Mashine haina nyonga. Wenzetu wa kriketi, ambao wametumia mashine za kurusha mipira kwa miaka mingi, wanalijua tatizo hili vizuri. Watafiti waliwalinganisha vijana wapigaji mbele ya mrushaji wa kweli na mbele ya mashine, wakaona hata mpangilio wa mwendo wao unabadilika. Kijana anaweza kuwa hodari wa mashine na bado akashindwa na mtu.

Dawa yake haina gharama. Mweke mchezaji kando ya mashine, akimbie na kuigiza teke mpira unapotoka. Kwa viungo na mabeki, mtu asimame nyuma ya mpokeaji akiinua vidole, na mpokeaji ageuke avihesabu kabla mpira haujamfikia, kisha apeleke pasi upande unaolingana na hesabu hiyo. Badilisha kasi bila kumwambia. Zoezi moja lisizidi dakika 15, halafu nusu ya pili ya mazoezi iwe mpira wa watu kwa watu.

Nirudi kwenye vichwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, waliwachukua wachezaji 19 na kuwapa mipira 20 ya kupiga kwa kichwa, iliyorushwa na mashine kwa kasi ya kona. Mara baada ya zoezi, uwezo wao katika vipimo vya kumbukumbu ulishuka kwa kati ya asilimia 41 na 67, ukarudi kawaida ndani ya saa 24. Ile sifa tunayoisifia, ya kupeleka mpira sawasawa kila mara, ndiyo inayoweza kukipa kichwa kimoja vishindo 20 katika muda ambao kocha mwenye mguu wa kawaida angepiga krosi chache tu za maana.

Nchi nyingine zimeshachukua hatua. Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini, kanuni iliyotangazwa mwaka 2015. Uingereza mwaka 2020 ilielekeza kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, na mwaka uliofuata ikapendekeza hata wachezaji wa kulipwa wasizidi vichwa 10 vya nguvu kwa wiki katika mazoezi. Ikiwa mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo anahesabiwa vichwa 10 kwa wiki, mtoto wa darasa la sita wa Likoni au Malindi hana sababu ya kufyatuliwa 20 jioni moja. Kwa watoto wangu mashine ni ya mikono ya kipa, ya kifua, ya paja na ya mguu. Kichwa tunajifunza kwa mpira mwepesi unaorushwa kwa mkono, mara chache, na wakubwa tu.

Kwa klabu inayochanga: uliza kwanza kama mashine inatumia betri, maana viwanja vyetu vingi havina stima na mlio wa jenereta utafunika sauti ya kocha. Hewa ya chumvi hula nati na waya haraka, hivyo ipanguswe kila jioni na ilale ndani, si chini ya mwembe. Mchanga ukishika kwenye mpira hukwangua raba ya magurudumu. Weka kitambaa na mtu wa kupangusa. Iwe ndogo ya kuingia kwenye tuktuk. Vidole vya watoto visikaribie magurudumu, anayetia mpira awe mtu mzima, na asitie mpaka mpokeaji ainue mkono. Na kama mfuko wote unatosha mashine pekee, nunueni mipira 12 na mtafute ukuta imara. Dennis Bergkamp alipokuwa mtoto Amsterdam alitumia ukuta, na ukuta huurudisha mpira jinsi ulivyoupiga, bila betri.