Fuawe Iliyopoteza Jina

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuhariri Kiswahili cha kijitabu cha vijana wanaojifunza kunyoosha bodi za magari. Sikuwahi kushika nyundo ila ya kupigilia misumari ukutani, lakini nilikuwa na kamusi, nikadhani yatosha. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kifaa kimoja: kipande cha chuma kizito, kinachoenea kiganjani, ambacho fundi hukishikiza nyuma ya bati huku nyundo ikipiga kwa mbele. Waingereza wamekipa jina lile lile wanalomwitia mwanasesere. Nami, kwa uvivu ambao sasa naukiri, nikaandika "doli". Kijitabu kikachapwa. Siku kilipogawiwa darasa zima liliangua kicheko, na kijana mmoja akauliza kama doli hilo huvalishwa gauni.

Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mzee niliyeelekezwa kwake. Nilimkuta ameuweka mlango wa lori juu ya mapipa mawili. Lilikuwa Bedford la aina ya TJ, ukoo wa malori ulioanza kutoka viwandani Uingereza mwaka 1958 na kusambaa katika nchi nyingi zilizokuwa makoloni. Enzi hizo lori mara nyingi liliingia nchini likiwa chesisi na kebini tu. Sehemu ya kupakilia mizigo ilijengwa hukuhuku kwa mbao na chuma. Mbao zikioza hubadilishwa. Kebini ndiyo yenye taabu, kwa kuwa bati lake lilikandamizwa na mashine kubwa kiwandani, na mashine hiyo haikuletwa pamoja na lori.

Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa akiligonga bati taratibu kwa nyundo ndogo, shibiri kwa shibiri, huku akisikiliza. Bati zima hulia. Lililoliwa na kutu hujibu kwa sauti butu, hata kama rangi yake juu bado inang'aa. Kutu ya mlango, alinieleza, huanzia chini kwa ndani, pale maji ya mvua yanapotuama pamoja na vumbi. Unapoiona kwa nje, ndani imekwisha kula shamba zima.

Aliyoyafanya baadaye nayaeleza kwa urefu, maana kijitabu changu kiliyapitia kwa mistari mitatu. Kwanza aliikata sehemu mbovu kwa tindo, akaendelea kukata mpaka akalifikia bati safi. Akalaza karatasi ya boksi juu ya tundu, akachora umbo lake, akalihamishia kwenye bamba alilokuwa amelikata kutoka pipa la mafuta. Kiraka kikiwa bado bapa, alikiweka juu ya gogo lililochimbwa shimo la mviringo kama sahani, akakipiga kwa nyundo ya mbao kuanzia pembeni kwenda katikati hadi kikabonyea na kuufuata mgongo wa mlango. Mapigo yakizidi, bati hukakamaa na kukataa kwenda. Mafundi husema limechoka. Hapo hupashwa moto kidogo, likalainika, kazi ikaendelea. Kiraka kilichomewa nukta moja huku na nyingine kule, kwa kupisha, kwani kuchomea mstari mzima kwa pamoja hulikunja bati kama jani lililoanguliwa na jua.

Ndipo kilipotoka kile chuma changu cha aibu. Kilikuwa kipande cha reli kuukuu, kimesuguliwa kwa tupa hata upande mmoja ukawa na mviringo wa kifuu cha nazi na mwingine ukawa bapa. Mkono wa kushoto ulikishikiza ndani ya mlango, wa kulia ukapiga kwa nje. Nyundo ikitua juu yake barabara, bati hubanwa kati ya vyuma viwili, likatanuka na kuwa jembamba. Ikitua pembeni yake, kilichoinuka hushuka na kilichobonyea huinuka, bila bati kutanuka. Tofauti ya mapigo hayo mawili ni upana wa kidole, na humo ndimo ulimo ufundi wote. Asiyeijua tofauti hiyo hujaza puti, akapaka rangi, akamkabidhi mwenye lori mlango unaong'aa. Mvua mbili tu, puti hupasuka na kutu hutokeza tena.

"Mzee, hiki mnakiitaje?" nilimwuliza.

"Hiki? Chuma."

"Hakina jina?"

Akafikiri. "Baba yangu alikuwa na kikubwa chake, kimechimbiwa ardhini, anafulia majembe. Hicho kilikuwa na jina, la kwetu Upare. Hiki mimi nimekikuta hapa mjini, hakuna aliyeniambia."

Jibu hilo lilinikalisha nikawaza. Upareni uhunzi haukuwa kazi ya pembeni. Katika Ugweno, upande wa kaskazini, ukoo wa Washana walikuwa wahunzi na ndio waliotawala, kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma cha huko kilivuka hadi kwa Wachaga. Mbali zaidi, Rwanda, kaburi la Mwami Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, vyuma viwili vya kihunzi vilikutwa chini ya kichwa cha mfalme. Na neno lenyewe nyundo ni letu tangu kale: Wanyarwanda husema inyundo, Waganda ennyondo. Limepita mikono mingi bila kubadilika sana, na hata gerejini, mahali ambapo karibu kila kitu kina jina la kuazima (gereji yenyewe, bodi, boneti, madigadi, spana, puti), nyundo imebaki nyundo.

Mwenzake ndiye aliyepotea njiani. Kiswahili kinalo neno fuawe, yaani kile chuma au jiwe ambalo mhunzi hufulia juu yake. Limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, limo na katika zilizofuata. Mimi nikilitamka nasikia ndani yake kitenzi fua na ile -we ya jiwe na mawe, na naamini masikio yangu hayanidanganyi. Kitenzi chenyewe kina ukoo mpana: twafua chuma, twafua nguo, twafua nazi juu ya kifuo; na asiyemweza mwenzake twasema hafui dafu. Popote palipo na kufua pana kitu kinachopiga na kitu kinachopokea pigo. (Kwa mtunzi anayehangaika na kina cha -we, nawe umechoka na mawe na mwewe, neno hili lipo linakungoja.)

Kwa nini basi halikuingia gerejini? Naona ni kwa sababu lori na uhunzi havikukutana mlango mmoja. Lori lilikuja na vitabu vyake na majina yake. Baraza la Kiswahili lilipoundwa mwaka 1967, kiu kubwa ilikuwa istilahi za ofisi, mahakama na shule, na sioni ajabu. Nchi ilikuwa inajifunza kujiendesha kwa lugha yake. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na vipuri vikaadimika, mlango mpya wa Bedford haukuwa kitu cha kununua. Ulikuwa kitu cha kufua. Wana wa wahunzi wakarudi kufanya kazi ya baba zao chini ya miembe ya mjini, kwa mapipa na vipande vya reli. Kazi ilirudi, jina likabaki kamusini.

Najua nitakavyopingwa. Fuawe ya mhunzi ni nzito na haihami. Hii hubebwa mkononi. Ni kweli. Basi tuiite fuawe ya mkono, kama tusemavyo saa ya mkono bila kudai kwamba saa ya ukutani imekosewa.

Nilirudi kwa mzee siku mlango ulipopakwa rangi ya kwanza. Nikamtajia neno. Akalirudia mara mbili, akakigeuzageuza kile kipande cha reli, akasema, "Haya, lina uzito wake." Kisha akaniomba nimshikie mlango.

Vijitabu vilivyokuwa vimesalia stoo tulivisahihisha kwa kalamu, mimi na wale vijana walionicheka, tukifuta "doli" ukurasa kwa ukurasa. Yule wa gauni aliinua kichwa akauliza wingi wake. Nikamwambia ni fuawe vilevile, ikiwa moja au zikiwa kumi.