Uzito wa mtoto uko sawa, je, na hatua zake za ukuaji?

Siku ya kliniki karibu kila mama anaijua. Foleni tangu asubuhi, mtoto anavuliwa nguo, anawekwa kwenye mizani ya kuning'inia, analia, namba inaandikwa kwenye kadi. Kama kuna chanjo anachomwa, mama anapewa tarehe ya kurudi, basi. Mstari wa uzito ukiwa unapanda, anaambiwa mtoto anaendelea vizuri na anaondoka ametulia.

Kwa watoto wengi ndivyo ilivyo. Ila mizani inapima kilo tu. Mtoto asiyesikia huongezeka uzito kama wenzake, na mwenye mtindio wa ubongo wa kiwango kidogo anaweza kunyonya na kunenepa vizuri miezi yote ya mwanzo. Watoto hawa hugunduliwa kwa ukaguzi wa aina nyingine: kuangalia mtoto anaweza kufanya nini kwa umri alionao.

Ukaguzi huo hufanywa kwa mtoto anayeonekana mzima kabisa. Akishaonekana ana tatizo, hapo anahitaji vipimo vya kutafuta ugonjwa, ambavyo ni hatua nyingine.

Mtoto anaangaliwa nini?

Hakuna sindano wala mashine kubwa. Mhudumu anamtazama mtoto, anacheza naye kidogo na kumuuliza mzazi maswali.

Kwenye miezi miwili anataka kujua kama mtoto anaitazama sura ya mama, anatabasamu akisemeshwa na anashtuka kukiwa na kelele. Kwenye miezi minne anaangalia kama shingo imekaza na macho yanafuata kitu kinachosogezwa. Miezi sita, mtoto ananyoosha mkono kuchukua kitu. Miezi tisa, anakaa bila kuegemezwa, anatoa sauti za "ba-ba" na "da-da", na anageuka akiitwa jina lake.

Mikono ina mambo yake. Mtoto wa miezi minane anayechukua kila kitu kwa mkono mmoja tu, huku mwingine ameukunja ngumi, nyumbani huchekewa: "Huyu atakuwa mashoto kama babu yake." Lakini kwa kawaida mtoto huwa hajachagua mkono kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Akichagua mapema hivyo, huenda ule mkono mwingine ni dhaifu. Mhudumu anayejua kazi yake hushika kwa upole mkono anaoupenda mtoto, kisha anampa kizibo cha chupa aone kama ataupeleka ule mwingine.

Masikio ndiyo hudanganya watu zaidi. Mtoto kiziwi naye hutoa sauti na kucheka miezi ya mwanzo, kwa hiyo familia haishtuki. Mlango ukibamizwa anageuka, lakini pengine amehisi mtikisiko au upepo. Njia nzuri ni kutoa sauti ndogo nyuma yake, mahali asipoweza kukuona, kwenye chumba kilichotulia. Hata hivyo, jaribio hilo la nyumbani halitoshi kusema anasikia vizuri. Mzazi akiwa na wasiwasi, masikio yapimwe hospitali kwa kifaa, na kipimo hicho hakiumi.

Macho pia yamo. Kengeza linaloendelea baada ya miezi minne, au mng'ao mweupe kwenye mboni, hata ule unaoonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, ni sababu ya kwenda hospitali bila kuchelewa. Mng'ao huo unaweza kuwa dalili ya mtoto wa jicho au saratani ya jicho.

"Kila mtoto na wakati wake"

Hili ndilo jibu ambalo mama mwenye wasiwasi hupewa na kila mtu, kuanzia bibi hadi jirani. Lina ukweli, na ukweli huo umepimwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto 816 wenye afya kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Watoto walikaa bila msaada kati ya takribani miezi 4 na 9. Kutembea wenyewe kulianza kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Kuna waliotoka kwenye kukaa wakasimama dede bila kutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, kama asilimia 4 hivi, na hawakuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo mtoto wa miezi 13 ambaye hajaanza kutembea hana kosa, hata kama wa jirani alikimbia akiwa na miezi 10. Ila wakati wa mtoto una mwisho wake. Mtoto wa miezi tisa asiyeweza kukaa, au wa miezi 18 asiyetembea, anastahili kuangaliwa na daktari badala ya kusubiriwa. Kuna jambo moja lisilosubiri umri wowote: mtoto aliyekuwa anaweza kitu, labda kusema "mama" au kukaa, halafu akaacha. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Watoto njiti wanahesabiwa tofauti. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati, akifikisha miezi minane analinganishwa na wa miezi sita. Hesabu hiyo hutumika mpaka afikishe miaka miwili.

Na vile vigari vya magurudumu anavyowekwa mtoto ili "aharakishe kutembea"? Haviharakishi chochote, na vimeangusha watoto kwenye ngazi na kuwafikisha karibu na majiko. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Kliniki za huku zikoje?

Marekani, chama cha madaktari wa watoto kinashauri kila mtoto afanyiwe ukaguzi huu kwa fomu maalumu akiwa na miezi 9, 18 na 30. Afrika Mashariki nayo ina vyake. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walitengeneza kipimo cha maendeleo ya watoto kinachofaa mazingira ya pale, na Malawi wana cha kwao. Hilo lilihitajika, maana vipimo vya Ulaya na Marekani huuliza vitu ambavyo mtoto wa kijijini hajawahi kuviona.

Kenya, kitabu cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, maarufu kama MMMAM, mwishoni mwa mwaka 2021. Kazi iliyobaki iko pale kwenye foleni: nesi mmoja, akina mama wengi, na muda wa kupima uzito tu.

Wazazi wengi pia hupunguza kwenda kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Dozi ya pili ipo miezi 18, umri uleule ambao kutembea, maneno ya kwanza na dalili za mwanzo za usonji huanza kuonekana wazi. Anayeikosa ziara hiyo anakosa vyote viwili.

Akionekana amechelewa

Ukaguzi huu hautoi jina la ugonjwa. Watoto wengine hurudiwa baada ya wiki chache wakakutwa wako sawa. Wengine hupelekwa kupimwa masikio, macho au damu, au huanzishiwa mazoezi tiba. Aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano makali au homa ya uti wa mgongo, anafuatiliwa kwa karibu zaidi.

Kinachopotea kwa kusubiri ni muda. Mtoto asiyesikia akigunduliwa mapema anaanza kujifunza lugha, iwe kwa kifaa cha kusikia au kwa lugha ya alama, umri uleule wenzake wanaoanza. Akigunduliwa akiwa na miaka mitatu, familia imeshatumia miaka hiyo kumwita mkaidi, au kumtafuta aliyemroga, na lawama nyingi zimemwangukia mama.

Jambo dogo linalosaidia: mtoto akifika kliniki mara nyingi analia au amelala, haonyeshi anachofanya nyumbani. Mzazi anaweza kumrekodi video fupi kwa simu, akicheza, akigeuka anapoitwa, au akifanya kile kinachomtia wasiwasi, amwonyeshe nesi kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani.