Njia Moja ya Montgomery

Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina makao makuu yake. Tulipofika Montgomery, makao makuu ya Alabama, tulipanda kwa miguu barabara ya Dexter, kutoka kiwanja cha Court Square hadi jengo la Bunge la jimbo lililoko kilimani. Ni mwendo mfupi, lakini historia nzima ya mapambano ya kitabaka ya jimbo hilo imo humo.

Court Square palikuwa na soko la watumwa. Bunge nalo lilihamia hapo mwaka 1846 kutoka Tuscaloosa, kwa sababu mabwanyenye wa pamba walikuwa wamekwisha kuushika uchumi wa jimbo. Tarehe 18 Februari, 1861, Jefferson Davis aliapishwa barazani kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Pale aliposimama pamewekwa nyota ya shaba.

Utumwa ulipokomeshwa, wanyonyaji walibadili silaha. Mwaka 1901 wajumbe 155, wote wazungu, walikutana katika jengo hilo hilo kutunga katiba, na mwenyekiti wao hakuficha shabaha yao. Watu weusi zaidi ya 181,000 walistahili kupiga kura mwaka 1900. Kufikia 1903 walioandikishwa hawakufika 3,000. Lakini kodi ya kura, dola 1.50 kwa mwaka, tena yenye kulimbikizwa, iliwafuta pia wazungu maskini wengi. Hao waliambiwa kuwa katiba ni yao.

Sasa turudi chini kiwanjani. Tarehe 1 Desemba, 1955, Rosa Parks alipandia hapo basi lililomfikisha mikononi mwa polisi. Wengi husimulia kwamba alikuwa mama mchovu tu. Simulizi hiyo inawafaa watawala, maana huficha kazi ya kujipanga. Bi Parks alikuwa katibu wa chama cha kupigania haki. Baraza la Kisiasa la Wanawake, lililoundwa mwaka 1946, lilikwisha kumwandikia meya mwezi Mei 1954 kumwonya juu ya kususiwa kwa mabasi. Usiku ule ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha kwenye mashine ya kurudufu akitoa makaratasi kwa maelfu. Watumishi wa majumbani na vibarua, ambao nauli zao ndizo zilizoendesha mabasi, walitembea kwa siku 381. Georgia Gilmore, mpishi, alikusanya wanawake wenzake wakauza vyakula ili kununua petroli ya magari ya kuwachukua watu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye somo kubwa kuliko hotuba zote.

Kilimani hawakukubali upesi. Tarehe 14 Januari, 1963, Gavana George Wallace aliapa pale pale aliposimama Davis, akatangaza ubaguzi wa milele. Tarehe 25 Machi, 1965, watu wapatao 25,000 walipanda barabara ya Dexter, wakihitimisha maandamano yaliyoanzia Selma, wakazuiwa ngazini. Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huo.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliing'oa sheria hiyo meno, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya ya Shelby. Shelby imo Alabama.