Chati ya duara: Asilimia na uwiano katika wadi za Kibwezi

CHATI ya duara huonyesha jinsi kitu kizima kilivyogawanywa. Duara zima ni asilimia 100, sawa na digrii 360. Hivyo kila asilimia moja huchukua digrii 3.6.

Kaunti ya Makueni ina wadi 30 katika maeneo bunge sita. Kila wadi hupata digrii 12. Eneo bunge la Makueni, lenye wadi saba, hupata digrii 84. Mbooni na Kibwezi Magharibi, wadi sita kila moja, digrii 72. Kaiti na Kibwezi Mashariki, wadi nne kila moja, digrii 48. Nayo Kilome, wadi tatu, digrii 36.

Asilimia

Digrii za kipande hugawanywa kwa 360, kisha jibu huzidishwa kwa 100. Kibwezi Magharibi ni asilimia 20, Kibwezi Mashariki 13.3. Asilimia zote sita zikijumlishwa hutoa 99.9. Hilo si kosa, bali ni matokeo ya kukadiria hadi nafasi moja ya desimali.

Uwiano

Uwiano hulinganisha kipande na kipande. Kibwezi, iliyogawanywa kuwa maeneo bunge mawili kuanzia uchaguzi wa 2013, ina uwiano wa 4:6 kati ya Mashariki na Magharibi, yaani 2:3. Maana yake ni kwamba Mashariki ina thuluthi mbili ya wadi za Magharibi, wala si za kaunti. Zote mbili kwa pamoja ni wadi 10, thuluthi moja ya kaunti.

Tahadhari

Asilimia haitaji jumla. Katika duara la Makueni, asilimia 10 ni wadi tatu. Katika duara la Kitui, yenye wadi 40, ni wadi nne. Aidha, kipande cha wadi si kipande cha watu wala cha fedha.

Ujuzi huu una faida katika vikao vya bajeti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huzitaka kaunti kutenga, katika kipindi cha miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo: digrii 108, uwiano wa 3:7 na matumizi mengine. Mkazi wa Kibwezi akiona kipande cha maendeleo hakijafika hata robo ya duara, ajue ni chini ya asilimia 25, na ana sababu ya kuuliza.